Dada Yangu Hakuwa na Mionzi

Nilifundisha Fizikia katika shule za sekondari kwa miaka 34. Chuo cha ualimu kiliniandaa kwa Fizikia na Hisabati. Kiswahili nilitwishwa baadaye, shule ilipokosa mwalimu, nacho kikaninasa hata leo. Ndiyo sababu mnanijua kama mzee wa kubishania vina na mizani, ilhali riziki yangu ilitoka kwenye sumaku, lenzi na atomi. Leo naomba ruhusa niweke tenzi kando. Nina shauri na neno moja, nalo ni «mionzi».

Dada yangu mkubwa aliugua saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, kisha akapelekwa mji wa mbali kutibiwa kwa mionzi, siku tano kila juma kwa majuma matano. Aliporudi nyumbani nilikwenda kumjulia hali. Nikamkuta barazani peke yake juu ya mkeka. Kikombe chake kilikuwa kimetengwa na vyombo vingine, na mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa amezuiwa mlangoni kwa ubao, analia kumtaka bibi yake. Nikamvuta kando mpwa wangu, mwenye nyumba, nikamwuliza kulikoni. Akajibu kwa upole, tena kwa sauti ya mtu anayemficha mgonjwa jambo: «Mjomba, si bado ana mionzi? Tunasubiri kwanza imtoke.»

Mpwa huyu nilimfundisha mwenyewe kidato cha nne. Sura ya unururifu aliijua yote. Ungemwamsha usiku wa manane angekutajia alfa, beta na gama kwa Kiingereza, na kipi huzuia kipi, bila kukosea. Alifaulu Fizikia vizuri kuliko wengi wa rika lake. Kumbe maarifa hayo yalikaa katika chumba kimoja cha akili yake, na nyumba aliyoishi na mamaye ilikuwa chumba kingine, na mlango kati yao haukuwapo. Sikumkasirikia. Nilijikasirikia mimi.

Wenzangu kadhaa hudai kwamba kosa si la walimu, kosa ni la Kiswahili: hakina maneno ya elimu hii. Hoja hiyo nimeisikia tangu nikiwa kijana mwenye nywele nyeusi, na sijawahi kuiona ikisimama wima. Kiingereza nacho hakikuwa na maneno hayo. Henri Becquerel aligundua mjini Paris mwaka 1896 kwamba chumvi za urani hutoa miali isiyoonekana, nayo haikuwa na jina. Marie Curie ndiye aliyeipa sifa hiyo jina mwaka 1898, akalichonga kutoka neno la Kilatini lenye maana ya mwali. Jina la kiini cha atomi katika Kiingereza ni neno la Kilatini lenye maana ya kokwa ndogo. Protoni ni Kigiriki. Sisi tuna «unururifu», lililotokana na nuru, kwa njia ile ile aliyoipita Curie. Na «kiini» tumelitwaa kutoka kwenye yai na kokwa, kwa njia ile ile ya Walatini. Tangu mwaka 1990 ipo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Maneno yapo. Tatizo langu ni jinsi tunavyoyashika: mengine hatuyatumii kabisa, na moja tumelibebesha mizigo ya wenzake wote.

Lakini siwezi kulishtaki neno kabla ya kulieleza jambo lenyewe, nami nitalieleza kama ambavyo laiti ningalilieleza darasani.

Kila kitu unachokigusa kimeundwa kwa atomi. Neno hilo kwa Wagiriki lilimaanisha kisichogawanyika, na tangu J. J. Thomson alipoitambua elektroni mwaka 1897 tunajua kwamba jina hilo ni la uongo. Limebaki tu kwa mazoea, kama mtu mrefu aitwaye Kifupi. Atomi ina kiini katikati, chenye protoni na nyutroni, na nje ya kiini zimo elektroni. Protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi, nyutroni haina upande. Idadi ya protoni ndiyo ipayo elementi jina lake: sita ni kaboni, saba ni nitrojeni, 79 ni dhahabu, 92 ni urani. Ukibadili idadi hiyo umebadili kitu chenyewe, kama vile shairi likibadili mizani linavyohamia bahari nyingine. Ukibadili idadi ya nyutroni, jina halibadiliki ila uzito. Kaboni ya kawaida ina nyutroni sita. Ipo kaboni nyingine yenye nane, nayo bado ni kaboni, huungana na oksijeni kama dadaye na huingia katika mmea kama dadaye. Hao ndio waitwao isotopi.

Hapa «kiini», neno ninalolipenda, lilinipa shida ya kwanza. Mwanafunzi akilisikia hufikiria yai, na kiini cha yai ni kikubwa. Kinajaza karibu theluthi ya ndani. Kiini cha atomi si hivyo. Mwaka 1909, mjini Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, wakifanya kazi chini ya Ernest Rutherford, walielekeza chembe za alfa kwenye utando mwembamba wa dhahabu. Karibu zote zilipita kana kwamba hapakuwa na kitu. Chache mno zilirudi nyuma. Rutherford alikaa na jambo hilo hadi mwaka 1911 ndipo akatamka kwamba karibu uzito wote wa atomi umekusanyika mahali padogo sana katikati, na kwingine ni utupu. Chukua uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100 uufanye atomi ya dhahabu: kiini chake ni punje ya mtama iliyodondoshwa katikati ya uwanja. Nilikuwa nawapeleka wanafunzi uwanjani, naweka punje chini, nawaambia warudi magolini kisha waitafute kwa macho. Hakuna aliyewahi kuiona. Baada ya hapo niliweza kutumia «kiini» bila wasiwasi, maana yai lilikuwa limekwisha kuondoka vichwani mwao.

Sasa unururifu. Viini vingi vimetulia. Vitakaa hivyo daima. Vingine vina protoni na nyutroni kwa uwiano usiotulia, au ni vikubwa mno kujishika, navyo hujibadili vyenyewe bila kuguswa na mtu. Urani-238 hutema kifurushi cha protoni mbili na nyutroni mbili, ndiyo chembe ya alfa, ikabaki na protoni 90, yaani imekuwa thori. Thori nayo haijatulia, na mnyororo huendelea, hatua baada ya hatua, hadi kwenye risasi, ile risasi ya kawaida, na hapo hukoma. Kaboni-14 hufanya vingine: nyutroni yake moja hugeuka protoni na kutupa nje elektroni, ambayo huitwa beta, na kaboni inaamka ikiwa nitrojeni. Aghalabu kiini kilichojibadili hubaki na nishati ya ziada, hukiachia kama mwali wa gama, ambao ni nuru kama nuru nyingine ila kali mno na haionekani kwa macho.

Baadhi ya walimu hulitafsiri tendo hili kuwa «kuoza». Nawasihi waache. Niliwahi kuulizwa na binti mmoja wa kidato cha tatu kama urani ikioza hunuka. Darasa lilicheka, mimi sikucheka, kwa sababu swali lake lilikuwa sahihi na neno letu ndilo lililokosea. Kitu kinachooza huharibika. Kiini kinachomeguka hugeuka kitu kingine kizima chenye jina lake. Mimi husema «kumeguka».

Kosa kubwa zaidi liko kwenye «nusumaisha». Tumelifuata la Kiingereza hatua kwa hatua, na Kiingereza chenyewe kilikuwa kimepotea. Mwanafunzi anaposikia «maisha» anawaza kuzaliwa, ujana, uzee. Kisha hupiga hesabu: kama nusu ya maisha ya iodini-131 ni siku nane, maisha yote ni siku 16, baada yake haipo. Hesabu nzuri, jibu baya. Baada ya siku nane hubaki nusu. Baada ya siku 16 hubaki robo. Baada ya siku 24, sehemu moja ya nane. Na baada ya siku 80 bado ipo, ingawa ni kiasi cha sehemu moja kwa elfu.

Nilikuwa nafundisha hili kwa mahindi. Punje 200, kila moja imepakwa wino upande mmoja. Zirushe juu ya mkeka. Zile zilizoonyesha wino zimemeguka, ziondoe, uhesabu zilizosalia. Siku moja nilioandika ubaoni ilikuwa hivi: 200, kisha 104, kisha 49, 26, 12, 7. Hakuna aliyeweza kutabiri punje gani ingefuata kutoka, na hata hivyo kila mrusho ulipunguza kama nusu. Nikauliza: «Hizi saba zilizokaa mpaka mwisho, zimechoka?» Kijana aliyekuwa haongei kamwe darasani akasema, «Hapana mwalimu. Hazikumbuki kwamba zilirushwa.»

Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo katika kitabu chochote. Atomi haizeeki. Atomi ya urani iliyokuwapo kabla ya dunia kuumbika ina nafasi ile ile ya kumeguka kesho kama ilivyokuwa nayo siku ya kwanza. Kwa hiyo «maisha» ni sitiari mbovu kwake, na mimi ningependa tuseme «muda-nusu»: muda ambao kiasi hupungua kwa nusu, basi. Mwenzangu mmoja alinikejeli kwamba linasikika kama mapumziko ya mpira. Na liwe hivyo. Mpira hauzeeshi atomi.

Tena muda-nusu ni kitu cha ajabu kukitazama. Wa kobalti-60, iliyotumika miaka mingi katika mashine za kutibu saratani, ni miaka mitano na ushei. Wa radiamu-226 aliyoishughulikia Curie ni miaka 1,600, ndiyo maana madaftari yake bado hutunzwa kwa tahadhari. Wa kaboni-14 ni miaka 5,730. Wa urani-238 ni miaka milioni 4,500. Potasiamu-40 ina muda-nusu wa miaka milioni 1,250, na sehemu yake moja hugeuka kuwa gesi ya argoni. Majivu ya volkano yanapotoka yakiwa moto, argoni hukimbia. Yakipoa, argoni mpya hunaswa ndani na huanza kuhesabu. Kwa saa hiyo, mwaka 1961, umri wa fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959 ulikadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Watoto wetu hukariri tarakimu hiyo katika Historia, hukariri potasiamu katika Kemia, hukariri muda-nusu katika Fizikia, na hawaambiwi kwamba ni habari moja, tena ya nyumbani kwao.

Narudi kwa dada.

Neno «mionzi» ni zuri. Mionzi ya jua, mionzi ya alfajiri. Washairi wamelitumia na wataendelea kulitumia. Lakini tazama tunavyolitumia leo. Kile kinachosafiri kutoka kwenye mashine tunakiita mionzi. Madini yenyewe yanayotoa kitu hicho tunasema «yana mionzi», na mara nyingi «ni mionzi». Tabia ya madini hayo, ambayo ni unururifu, nayo ni mionzi. Vumbi lake likikuangukia, «umepata mionzi». Tiba ni mionzi, picha ya mfupa ni mionzi, simu ya mkononi ni mionzi. Mambo manne au matano yenye hatari tofauti na tahadhari tofauti yamevikwa kanzu moja. Mpwa wangu hakuwa mjinga. Alitumia lugha aliyopewa: ukisema mama amepata mionzi, kama asemavyo mtu amepata upele au amepata homa, basi mama anayo, na aliye nayo aweza kuigawa.

Nilimwita yeye na mamaye na mkewe, na usiku ule umeme ulikuwa umekatika, tukawasha kibatari. Nikasema: kibatari hiki kinatoa vitu viwili, mwanga na masizi. Mwanga umekupiga usoni sasa hivi. Ukitoka nje utaondoka nao? La. Nikikizima, ukuta utabaki ukiwaka? La. Lakini masizi yakikushika kidoleni utaondoka nayo, utampaka mtoto, utayatia kwenye chakula. Mashine ya hospitali ilimwangazia mama mwali wa namna ya mwanga. Uliingia, ukaunguza seli za saratani na baadhi ya zile njema jirani yake, ndiyo maana ngozi yake imebabuka. Kisha mashine ikazimwa na mwali haupo tena. Hakupakwa masizi yoyote. Kikombe chake ni kikombe.

Sikuwaficha kwamba zipo tiba za namna nyingine. Mgonjwa wa tezi ya shingo huweza kunyweshwa iodini-131, na huyo kweli huwa na dutu nururifu mwilini kwa siku kadhaa, na madaktari humweleza akae mbali na watoto kwa muda gani. Tena kila mmoja wetu ana masizi kidogo ya asili. Potasiamu iliyomo katika ndizi na maharage ina punje chache za potasiamu-40, na ndani ya mwili wa mtu mzima hutokea mimeguko kama 4,000 kila sekunde. Mkwe wa dada aliitazama mikono yake niliposema hivyo. Nikamwambia asijali, hata bibi zake waliishi nayo.

Dada alikuwa kimya muda wote. Hakupita darasa la saba. Akasema: «Kumbe nilimulikwa tu.»

Nilimulikwa! Hilo ndilo neno. Kumulika tunalo tangu wavuvi wa usiku, ni kitenzi hai, lina mtendaji na mtendewa, lina mwanzo na mwisho, na hakuna Mswahili atakayedhani kwamba aliyemulikwa kwa kurunzi atamwambukiza jirani kurunzi. Kwa jambo lile la pili, la kushikwa na dutu yenyewe, tunayo «kupakwa», «kuchafuliwa», na kitu chenyewe ni «vumbi nururifu» au «dutu nururifu». Kumulikwa na kupakwa. Ningekuwa na mamlaka juu ya mtaala ningeanza na vitenzi hivyo viwili kabla ya alfa na beta.

Wala si suala la wagonjwa pekee. Mbung'o wa Unguja walimalizwa katika miaka ya 1990 kwa kufugwa Tanga, madume yakamulikwa kwa gama hadi yakawa tasa, kisha yakaachiwa kutoka ndegeni. Porini hawakuonekana tena baada ya mwaka 1996. Mbung'o wale walimulikwa, hawakupakwa, na ng'ombe walioumwa nao hawakupata dhara lolote la unururifu. Kinyume chake ni machimbo. Urani ipo Namtumbo, mkoani Ruvuma, na imetafutwa Bahi na Manyoni. Huko hatari kubwa si mwali. Alfa hushindwa hata na karatasi, hushindwa na ngozi yako. Hatari ni vumbi likivutwa mapafuni na gesi ya radoni, kwa kuwa ndani ya pafu hakuna ngozi ya kulizuia, na alfa humega palepale ilipo. Mwanakijiji aliyeambiwa tu «jihadharini na mionzi» atajificha jua na kupumua vumbi. Na tusisahau Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ya Kongo inayosema Kiswahili, ambako ilichimbwa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Anayeniambia kwamba atomi ni jambo la lugha za wenyewe, namwelekeza kwenye shimo lile.

Kikombe cha dada kilirudi kabatini usiku ule ule. Ubao wa mlangoni ulikaa siku mbili zaidi. Hofu nayo ina muda-nusu wake.

Mpwa wangu ameniomba nimwandikie bintiye, ambaye mwaka huu yumo kidato cha nne, sura nzima ya unururifu kwa Kiswahili, aisome kwanza kabla ya kuikariri kwa Kiingereza cha mtihani. Nimefika ukurasa wa 19 na nimekwama. Nyutroni ya kaboni-14 inapogeuka protoni haitupi elektroni peke yake. Hutoka pia kitu kidogo kisichokuwa na chaji, karibu hakina uzito, hupenya dunia nzima bila kugusa chochote. Waitaliano walikipa jina kwa kutia kiambishi cha udogo mwishoni, wakapata «nyutrino». Sisi udogo tunautia mwanzoni. «Kinyutroni» kinaonekana kama nyutroni iliyodumaa, na «kijinyutroni» kinachekesha. Mwenye neno aniletee kabla ya binti hajafungua shule.